Kamba ya Kichwani kwa Mzee Wattie

Mzee Wattie alishakufa, lakini dohani ya nyumba yake ilikuwa inatoa moshi.

Sitanii. Nilisimama katikati ya njia nikamwangalia mbwa wangu, naye akaniangalia mimi. Moshi mwembamba ulikuwa unapanda kutoka Corrievor, nyumba ya juu kabisa bondeni kwetu, kana kwamba mwenyewe kaamka na anajichemshia chai.

Mwenyewe alikuwa ndani ya jeneza kwa Sinclair wa mazishi, huko mjini. Nilikwenda kumuaga, nikamwona kwa macho yangu.

Mnaonifuata humu mnanijua. Una Matheson, mtu wa magofu. Kondoo ndio wananilisha, ila raha yangu ni nyumba za kale. Hakuna ukuta ulioanguka kwenye bonde la Strathvarrick ambao sijaupiga picha nikauweka humu, nikawaeleza nani alikaa pale, alimwoa nani, na alifukuzwa lini na mwenye ardhi.

Leo sileti gofu. Leo naleta la nyumbani kwetu, na mama kanipa ruhusa. Kwa hiyo wale wa kutoa maoni ya kipuuzi, leo mnikome.

Kwanza mjueni Mzee Wattie.

Zamani, watoto wa Glasgow waliokosa wazazi walikuwa wanaletwa huku milimani na kugawiwa kwenye mashamba. Mwenye shamba anapewa chochote kwa kumlisha mtoto, na mtoto anafanya kazi mpaka mgongo unapinda. Basi la barua ndilo lililowashusha, kwa hiyo watu wa kwetu wakawaita "watoto wa basi". Na jina hilo halikuwa zuri hata kidogo. Mtu akikuita hivyo shuleni, mnapigana.

Wattie Pirrie alikuwa mtoto wa basi. Alishushwa Corrievor, kwa Hector Gillanders na dada yake Barabal, watu wagumu kuliko mawe ya nyumba yao. Wakamtumikisha mpaka wakafa wao. Yeye akabaki na nyumba na kondoo wachache, mwenye ardhi akamwachia shamba.

Akazeeka, akang'oka meno, na bado bonde zima linamwita "kijana wa Corrievor". Mzee mwenye zaidi ya miaka sabini, kijana!

Hakuoa, hakuzaa, hakuwa na ndugu. Ndivyo tulivyojua sote.

Sasa huo moshi ni wa nani?

Nilijikaza kisabuni nikapanda. Ukungu ulikuwa unashuka kwa kasi, nusu ya mlima imeshapotea. Mbwa wangu, shujaa wa kubwekea gari la posta, alikuja nyuma yangu amebana mkia.

Nikasukuma mlango. Corrievor haijawahi kufungwa kwa ufunguo.

Ndani kulikuwa na joto.

Moto ulikuwa umefukiwa kwa majivu, matofali ya mboji, ule udongo mkavu tunaouchoma huku badala ya kuni, yamepangwa mafungu matatu yakizunguka kaa la katikati. Hivyo ndivyo bibi zetu walivyolaza moto ili usizime. Siku hizi ufundi huo umebaki kwa wazee wanaohesabika. Na mlaza moto huyo alikuwa ametoka kuulaza muda ule ule, maana majivu ya juu yalikuwa bado yanateleza.

Mezani palikuwa na vikombe viwili. Kimoja kimefunikwa juu ya sahani, kikavu. Kingine nilikigusa.

Cha moto.

"Nani yumo humu?" nikauliza. Sauti ilinitoka kama ya mtu mwingine.

Mlango wa nyuma, ule wa kuingilia zizini, ukalia.

Nikakimbia. Nilijigonga goti kwenye kihori cha ng'ombe, nikatokea nje upande wa pili, na nikawahi kuona mgongo wa mtu akishuka kando ya kijito. Alikuwa ameinama, anakwenda haraka na anajua pa kukanyaga. Ukungu ukammeza.

Lakini koti nililiona. La kijani, kiwiko kimewekwa kiraka cha bluu.

Kiraka kile nilikishona mimi. Koti lilikuwa la mama yangu.

*

Nilipofika nyumbani nilimkuta mama jikoni, aproni kiunoni, unga mpaka viwikoni, anakanda mikate kama mtu ambaye hajatoka ndani tangu juzi.

"Ulikuwa wapi, mama?"

"Mimi? Kwa kuku."

"Kuku wamehamia Corrievor?"

Aliendelea kukanda, na mimi nikaangalia mlangoni. Viatu vyake vilikuwa vimelowa, vimejaa tope jekundu la kijito. Banda la kuku la kwetu liko juu ya changarawe.

Nilikuwa nafungua mdomo, baba akaingia. Baba yangu, Torquil, si mtu wa maneno. Akisema sentensi mbili mfululizo tunamuuliza kama anaumwa.

"Farquhar kaja," akasema. "Anataka kamba ya kichwani."

Mama aliuacha unga.

Huku kwetu jeneza haliteremshwi hivi hivi. Linakuwa na kamba nane, na kila kamba ina mtu wake aliyetajwa kwa jina. Ya kichwani ni ya damu ya karibu: mtoto, ndugu, mzazi. Ukiishika hiyo, umesema mbele ya watu wote kwamba marehemu ni wako. Watu wamewahi kununiana maisha yao yote kwa sababu ya kamba.

Farquhar Gillanders ni mtoto wa mdogo wake Hector. Anauza magari Inverness. Tangu amzike shangazi yake Barabal hakuwahi kukanyaga tena bondeni, hata kumletea Wattie pakiti ya majani ya chai. Leo ghafla ana uchungu!

Uchungu wenyewe tulikuwa tunaujua. Msimamizi wa mwenye ardhi alikuwa ametamka, watu wakisikia, kwamba Corrievor haina mrithi aliyeandikwa, na kwamba yeye atamtazama atakayeshika kamba ya kichwani. Huyo ndiye atakayezungumza naye. Na Farquhar alishaanza kutamba baa kuwa ataibomoa nyumba ile mpaka msingi, ajenge vibanda vya watalii.

"Hakuna mwingine wa kumpa," baba akasema. "Kijana hakuwa na mtu."

"Usimwite kijana," mama akasema.

Baba akamtazama. Mimi pia. Mama hajawahi kumsemesha baba kwa sauti ile.

*

Mchana wakaja. Sinclair wa mazishi na kofia yake mkononi, Farquhar na viatu vinavyong'aa kama vya bwana harusi, na nyuma yao Murdina, jirani yetu, ambaye hajaalikwa lakini lini alialikwa? Murdina anajua kila mimba ya bonde hili kabla mwenye mimba hajajua.

Mama akawakatia mkate. Alikuwa ameshika kisu kile kirefu.

"Pole na msiba, Mama Matheson," Farquhar akasema.

"Msiba wangu umeujulia wapi?"

"Nasema wetu sote." Akatabasamu. "Ila zaidi sisi wa Corrievor. Wattie alikuwa kijana wetu. Baba mkubwa Hector alimlea kama mwanawe wa kumzaa."

Kisu kikasimama katikati ya mkate.

"Alilala wapi, Farquhar?"

"Nani?"

"Huyo aliyelelewa kama mwana. Usiku alikuwa analala wapi?"

Farquhar akacheka akitafuta wa kucheka naye. Hakumpata. "Hayo mambo ya zamani, mama. Mimi sijazaliwa."

"Mimi nilishazaliwa. Alilala na ng'ombe. Theluji ikianguka alimwamsha ng'ombe mmoja, akaweka miguu yake pale alipokuwa amelala, apate joto. Ndani kulikuwa na moto mkubwa, na akiusogelea Barabal anampiga na koleo."

Sinclair alizungusha kofia yake mikononi.

Murdina akamgeukia mama. "Netta mwenzangu, hiyo miguu yake aliiweka wapi usiku, wewe umeijuaje?"

Lo! Nilitamani ardhi ipasuke.

"Kila mtu alijua," mama akasema.

"Mimi sikujua. Watoto wa basi? Nani alikuwa na muda nao? Wezi watupu, na viroboto juu. Mama yangu alikuwa hataki hata wapite mlangoni kwetu."

Mama aliweka kisu chini polepole mno. Akamtazama Murdina, akamtazama Farquhar, akavuta koti lake la kijani, akatoka.

Sinclair alikohoa. "Basi, kamba ya kichwani, Farquhar. Nawe Torquil, ubavuni kulia, kama jirani."

Baba akaitikia kwa kichwa. Lakini macho yake yalikuwa mlangoni alipopitia mke wake. Na Murdina alikuwa anayafuata macho ya baba, na mimi nikaona kabisa neno linavyoumbika kichwani mwake. Kabla ya jua kuzama lingekuwa limefika kila jiko.

*

Sasa niwaambie kilichokuwa kinanitafuna mimi.

Baba yangu ana nywele nyeusi. Mama naye nyeusi kabla ya mvi. Bibi na babu nyeusi. Mimi peke yangu nimetoka na nywele nyekundu, nyekundu ya kuwaka, mpaka shuleni waliniita Kiberiti.

Mzee Wattie, kabla hajawa na mvi, alikuwa na nywele nyekundu.

Na kila mwaka siku yangu ya kuzaliwa, tangu nina akili, tulikuta samaki mlangoni, amefungwa kwenye majani. Baba alikuwa anasema, "Kijana wa Corrievor huyo, ana moyo mzuri." Tukamkaanga tukala.

Nilisimama mbele ya kioo cha bafuni nikajitazama mpaka machozi yakanitoka. Unaweza kukaa na jambo miaka yote lisikuume, halafu mtu mmoja anauliza swali la kijinga mezani, kila kitu kinageuka.

Nikamfuata mama bandani.

"Mama. Mzee Wattie ni nani kwako?"

Alikuwa anamwaga punje kwa kuku. Hakugeuka. "Acha azikwe kwanza, Una."

"Na kwangu mimi ni nani?"

Hapo akageuka. Ilimchukua muda kuelewa nauliza nini, na alipoelewa uso wake ulibadilika kwa namna ambayo sitaisahau.

"Hivyo ndivyo unavyonifikiria?"

"Nifikirie nini basi? Niambie! Unapika chai nyumba ya maiti, unakimbia ukiniona kama mwizi, Murdina anamsema baba huko nje, na mimi nina kichwa hiki!"

"Nilimuahidi."

"Ulimuahidi nini?"

Alishika waya wa banda kwa mikono miwili. Mama yangu si mtu wa kulia. Sauti yake tu ndiyo iliyokwaruza.

"Nikisema, nimevunja neno pekee aliloniomba maishani. Nisiposema, kesho anaingia ardhini Gillanders kamshika kichwa. Wewe mwenye shule, mjuzi wa nyumba za watu, niambie. Nifanye lipi?"

Kuku walikuwa wanadonoa miguuni petu, na sisi tumesimama.

"Baba anajua?" nikauliza mwisho.

"Hajui," akasema. "Na nikisema nitampoteza, na nisiposema nitampoteza vile vile, kwa sababu Murdina ameshaanza."

Chakula cha jioni baba hakukigusa. Alikaa na kijiko mkononi, akainuka, akaenda kuwatazama kondoo ambao hawakuwa na shida yoyote.

*

Makaburi yetu yako juu ya ziwa, upepo unapita moja kwa moja. Mvua ilikuwa ya rasharasha, ile inayokulowesha bila hodi.

Zamani wanawake wa hapa hawakwenda kaburini kabisa. Walibaki nyumbani kuandaa chai. Siku hizi tunafika, lakini bondeni kwetu bado tunasimama nje ya geti, wanaume wakimaliza tunarudi nao. Hakuna sheria iliyoandikwa. Ndivyo tunavyofanya.

Nilisimama kando ya mama getini. Murdina alikuwa nyuma yetu, nilikuwa nasikia pumzi zake.

Wanaume walizunguka shimo. Jeneza liko juu ya mbao mbili. Mchungaji Nicolson akaomba, kofia zikavuliwa. Msimamizi wa mwenye ardhi alisimama pembeni na mwavuli wake, akitazama.

Sinclair akaanza kuita. Miguuni, fulani. Ubavuni, fulani. Ubavuni kulia, Torquil Matheson. Baba akasogea, akaokota kamba yake, akasimama wima. Uso wake ulikuwa mweupe.

"Kichwani," Sinclair akasema. "Farquhar Gillanders."

Farquhar akarekebisha tai. Akapiga hatua moja.

Geti likalia.

Sikuhisi hata mama alivyoniponyoka. Nilimwona tayari yuko ndani, anatembea katikati ya mawe ya makaburi na koti lake la kiraka, haangalii kulia wala kushoto. Wanaume wote waligeuka. Nyuma yangu mtu alisema, "Mungu wangu!"

"Mama Matheson," Mchungaji akainua mkono, "wanawake..."

"Najua wanawake wanasimama wapi, Mchungaji. Nimesimama pale maisha yangu yote." Akafika kichwani pa kaburi. "Hiyo kamba si yako, Farquhar. Iweke chini."

Farquhar aliishika kwa nguvu zaidi. "Si yangu, ni ya nani? Yako?"

"Yangu."

"Kwa haki gani?" Akawageukia wanaume, kitabasamu kile kile mdomoni. "Au tumuulize mume wako ni kwa haki gani?"

Hakuna aliyecheka. Nilisikia mvua ikigonga mwavuli wa msimamizi. Nilimwangalia baba na kamba yake mkononi, nikasema moyoni leo ndiyo siku ya mwisho ya nyumba yetu.

"Netta," baba akasema, sauti ya chini. "Sema."

Mama akavuta pumzi.

"Mimi naitwa Janet Pirrie," akasema.

Watu walitazamana. Hakuna aliyeelewa, na mimi wa kwanza.

"Janet Pirrie. Jina hilo nilikuja nalo kutoka Glasgow. Nilishushwa na basi la barua kwenye njia panda, nikiwa sijajua hata kufunga viatu. Mackenzie na mkewe walinichukua, hawakuwa na mtoto, wakanipenda. Wakawaambia ninyi mimi ni yatima wa binamu yao, wakanipa jina lao, mkaamini. Mimi ni mtoto wa basi, Farquhar. Na huyu humu ndani ni kaka yangu. Baba mmoja, mama mmoja."

Mtu fulani aliangusha kofia.

"Yeye aliletwa mwaka uliofuata. Aliniona kanisani, akanitambua kwa hili kovu," akagusa juu ya jicho, "yeye ndiye aliyenitia, alinidondosha ngazini akinibeba. Nilimkimbilia pale mlangoni pa kanisa. Akageuza uso kama hanijui."

Akaweka mkono juu ya jeneza.

"Baadaye akanivizia nyuma ya ukuta. Akaniambia, usiniite kaka. Wewe una kitanda, una mama. Wakijua u wangu watakulaza ninapolala mimi. Ukinipenda, usinijue. Alikuwa mtoto! Mtoto ndiye aliyefikiria hivyo! Nami nikamtii. Nikakua, nikaolewa, nikazoea kutii. Siku ya harusi yangu kaka yangu alikula ghalani na vibarua. Nikampelekea sahani mwenyewe, mkanisifu kuwa bibi harusi ana unyenyekevu. Mkanisifu!"

Alinyoosha mkono.

"Leo hawezi kunikataza. Nipe kamba."

Farquhar alimtazama msimamizi. Msimamizi alikuwa anaangalia viatu vyake mwenyewe. "Huyu ana ushahidi gani?" Farquhar akasema. "Mtu yeyote anaweza kuja hapa na..."

Baba aliweka kamba yake chini.

Alianza kutembea. Mungu anisamehe, nilidhani anakuja getini, anaondoka. Alizunguka kaburi zima mpaka akafika mbele ya Farquhar. Baba yangu ana kifua cha mtu aliyenyanyua kondoo tangu utotoni.

"Mpe," akasema.

Farquhar akaitoa.

Baba akavua glavu zake. Akamvalisha mama, mkono mmoja, kisha wa pili, anamfunga vifungo kama mtoto anayepelekwa shule. "Izungushie mkononi mara moja," akamwambia. "Kichwani ndiko kuzito. Mimi niko hapa nyuma yako."

"Torquil," Sinclair akanong'ona, "ubavuni kulia hapana mtu sasa."

Baba akatazama getini. "Una! Njoo ushike yangu. Ni mjomba wako."

Nilipita getini, na hakuna aliyenizuia. Nikaokota kamba ambayo ilikuwa bado na joto la mkono wa baba.

Mbao zikaondolewa. Uzito ukaja wote kwa pamoja.

"Taratibu," mama alikuwa anasema, "taratibu, kaka. Taratibu, kaka yangu." Si kwa kunong'ona. Alikuwa anasema kwa sauti, tena na tena, neno lile lile, mpaka kamba zikalegea mikononi mwetu.

*

Chai ilikuwa kwetu. Farquhar hakuja, gari lake lilionekana linavuka daraja kabla kaburi halijafukiwa.

Msimamizi alikuja akanywa nusu kikombe amesimama. "Kuhusu Corrievor, tutazungumza, Mama Matheson."

"Tutazungumza," mama akasema. "Uandike Pirrie."

Nikamuuliza mama kuhusu moto. Akasema Wattie alipoachiwa nyumba, kitu cha kwanza alichofanya ni kukaa mbele ya jiko lile mpaka kukapambazuka, na akaapa halitazima tena. Siku za mnada wa kondoo, sisi wengine tukienda mjini, mama alipanda kwake wakanywa chai. Hakutaka kaka yake aende makaburini kutoka nyumba baridi.

Baba alikuwa amekaa pembeni na wiski asiyoinywa. Nikaenda nikakaa naye.

"Miaka yote hiyo nimempita barabarani," akasema. "Habari, kijana. Kwaheri, kijana. Shemeji yangu, Una. Yule alikuwa shemeji yangu, na sikuwahi hata kumkaribisha ndani." Kisha akalia, baba yangu, mbele ya watu.

Ndipo Murdina akainuka.

Nilisimama kabisa, nikajiambia akitoa neno moja chafu leo namtoa kwa nywele. Murdina huyu ukoo wake nimeuandika humu vizazi saba, mtu wa bonde hili mpaka kwenye mifupa. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa mama.

"Netta," akasema. "Lile basi. Viti vyake vilikuwa vya rangi gani?"

Mama akainua macho.

"Vya kijani," akasema. "Kimoja kimechanika, karibu na mlango."

Murdina akatikisa kichwa kukubali, midomo ameibana.

"Nilikaa hicho," akasema. "Nilikuwa naitwa Agnes."

Mama akasogea kwenye kochi, akampisha. Murdina akakaa. Wale wanawake wawili, wazee, walioishi ukuta kwa ukuta maisha yao yote, mmoja akimsema mwenzake vibaya kila siku ya Mungu, walishikana mikono. Na kule dirishani mzee mmoja, ambaye jina lake sitalitaja maana hajanipa ruhusa, aligeukia ukutani akawa anafuta miwani.

Nimewaandikia hapa nyumba zote za bonde hili, jiwe kwa jiwe. Kumbe nilikuwa naandika wenye nyumba tu. Waliolala zizini sikuwahi kuwauliza, na walikuwa wanakunywa chai jikoni kwetu.

Nami nina somo moja tu, halafu niwaache mkalale. Kama una ndugu ambaye kwa aibu, au kwa hofu, au kwa neno mlilopeana utotoni, unapita naye barabarani kama hamjuani, kesho asubuhi nenda kamwite ndugu. Mama yangu aliliita neno hilo kwa sauti yake yote, mbele ya bonde zima, kwa moyo wote, na yule aliyelisubiri maisha yake yote hakulisikia.